Tabasamu la Bwana Mwenye Tai

Kazi ya Mama Pacha ilikuwa kukaa sebuleni na kompyuta. Mtandao unamletea picha za sura za watu, naye anabonyeza: furaha, huzuni, hasira au woga. Basi. Kampuni yenyewe iko huko mbali, hata mlango wake hajawahi kuuona. Hana mwenzake wa kupiga naye umbea, hana wa kumwambia "hebu pumzika." Akizubaa kwenye picha, kisanduku chekundu kinawaka. Kilishamwonya: ukichelewa tena, akaunti inafungwa. Na akaunti ikifungwa, kazi ndiyo kwaheri.

Upweke ulipozidi hadi akaanza kusalimiana na jokofu, akamwita shangazi yake aje wakae wote. Shangazi naye, mtu wa watu, akaja na jirani yao fundi cherehani.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari.

"Huyu?"

"Hasira. Kakanyagwa huyo."

"Na huyu?"

"Huzuni. Nywele zimemkataa."

Ikaja picha ya bwana mwenye tai, meno yote nje.

"Furaha," akasema Mama Pacha, kidole tayari.

"Weee! Toa kidole!" Shangazi akamdaka mkono. "Furaha gani hiyo? Meno yanacheka, macho yanatafuta mlango. Mpe mnafiki."

"Shangazi, hakuna kitufe cha mnafiki."

"Sasa hao watu wanafanyaje kazi?"

Fundi akasogeza miwani. "Hapo kasimama na mkewe, na mke kashaishika simu yake."

"Mke wapi! Huyo yuko mbele ya mama mkwe. Huoni tai ilivyomkaba?"

"Mwenzangu, mimi nawashonea wanaume. Shingo zao nazijua!"

"Shingo unazijua, mioyo je?"

Kisanduku chekundu kikawaka. "Msimamizi hapa. Picha moja muda wote huu? Kuna nini?"

Mama Pacha akavuta kibodi. Aseme umeme? Alishausingizia juzi. Akaandika ukweli: "Samahani bosi. Tunabishana kama huyu bwana anamchekea mke au mama mkwe."

Vidoti vya msimamizi anayeandika vikacheza, vikasimama, vikacheza tena.

"Mimi naondoka," fundi akanong'ona, na hakuinuka. Hajawahi kuacha umbea nusu.

Jibu likaingia: "Mama mkwe. Nimekaa peke yangu hapa tangu asubuhi sijasema na mtu, lakini sura hiyo naijua, ndiyo ninayovaa mimi tukienda ukweni. Wekeni woga. Akaunti sifungi. Ila inayofuata msiamue bila mimi."

Shangazi akapiga vigelegele. Fundi akawaka: "Mwandikie hajui kitu!"

Mama Pacha akabonyeza woga upesi kabla bosi hajaghairi. Ikaja picha ya bibi harusi analia. Kabla hata Shangazi hajafungua mdomo, msimamizi alishaandika:

"Msibonyeze! Huyo mwanamume aliyejificha nyuma ya maua ni nani?"