Maoni ya Mpitanjia

Fundi wa meno bandia alikuwa na maoni juu ya kila filamu ya mapigano, na yaliyo bora kuliko yote hakuweza kuyasema.

Jumamosi ile mchana aliketi kwenye meza yake ya kazi, vumbi la plasta bado mikononi, taya mbili za nta kazisukuma pembeni kuipisha skrini. Ndani ya mchezo, askari wake alijikokota nyuma ya askari mwingine aliyeitwa Mwiba. Mwiba alikuwa mwanawe wa kumzaa. Yeye mwenyewe alijiita Mpitanjia, na kijana hakujua ni nani.

Alijitakia. Miaka minne nyuma, kijana akiwa chuoni, fundi aliiuza mashine ya michezo ya kijana huyo na kutangaza kwa mdomo mpana kwamba kubonyezabonyeza hakujamlisha mtu. Kijana alirudi, akaitazama meza tupu, akafunga mizigo. Majuto ni mjukuu, na ya fundi yalikuja baada ya mkewe kufariki. Kwenye mazishi, baba na mwana hawakusemezana zaidi ya pole, kisha nyumba ikabaki na sauti ya friji tu. Simu hakupiga. Aliona haya, na mzee mkaidi akiona haya huiita heshima. Binti yake ndiye aliyemnunulia mashine nyingine na kumtajia jina analotumia kaka yake mchezoni.

"Baba, mwambie tu ni wewe," binti alisema.

"Taratibu, mama. Taratibu."

Taratibu hiyo sasa ilikuwa na miezi mitano. Yeye na kijana waliongea kwa maandishi, maana sauti ingemuumbua. Alidai maikrofoni yake imekufa.

"Ile filamu ya darajani umeiona?" Mwiba aliandika.

Aliiona mara mbili, kalamu mkononi kama mtu wa mtihani. Alitaka kusema: shujaa gani huyo anakula ngumi kumi na mbili za mdomo, halafu mwishoni anacheka na meno yote thelathini na mawili? Kwa ngumi ya tatu tu, la mbele lingekuwa chini! Aliandika nusu, akafuta. Anayetazama filamu kwa meno alikuwa mmoja tu, na mwanawe alimjua fika.

"Nzuri," akaandika. "Ila adui kafa mapema mno."

"Umeona eh! Ndiye pekee aliyekuwa na akili mle ndani."

Fundi alicheka kwa sauti, peke yake chumbani. Tangu amzae, mwanawe hakuwahi kumwambia "umeona eh". Kisha kicheko kikamwisha, kwani hata leo aliyeambiwa hakuwa yeye.

Wakajibanza kwenye ghala la mchezoni kusubiri maadui.

"Wewe unajua kusikiliza," Mwiba aliandika. "Mzee wangu angekuwa ameshanihukumu."

"Humpigii?"

"Yeye ndiye hapigi. Akipiga nitapokea. Sina kinyongo naye."

Fundi akapiga moyo konde, akafuta mkono kwenye suruali, akachukua simu na kuitafuta namba aliyoikwepa miaka yote minne. Akabonyeza.

Ikaita. Kwenye skrini, Mwiba akaganda ghafla, bunduki chini. Huko aliko, kijana alikuwa ameacha kucheza na anaitazama simu. Fundi alilijua hilo kama aliyekaa naye kochi moja.

"Pokea, mwanangu," alinong'ona. "Pokea nikwambie ni mimi."

Adui akaingia ghalani na kummiminia Mwiba risasi. Mwiba hakujitetea. Ni fundi aliyejitupa mbele yake, simu sikioni, akibonyeza kwa mkono mmoja ovyo ovyo mpaka adui akaanguka.

Simu iliita hadi ikakatika.

Mwiba akatikisika, akainua bunduki.

"Samahani," aliandika. "Kuna simu ilikuwa inaita."

"Ya nani?"

Mwiba alijaza risasi kwanza, ndipo akaandika.

"Hakuna mtu. Asante kwa kunilinda. Twende?"

Fundi aliyasoma maneno hayo hadi macho yakamjaa maji. Aliumia, aliumia sana. Akaiweka simu kifudifudi, akaandika "twende", akamfuata mwanawe nje ya ghala.