Makoti Yaliyotapikwa

Mtaa ulitapika tena Jumanne asubuhi, mbele ya duka la makoti, na safari hii ulitapika mikono tu. Ilikuwa mikono ya makoti, mingi ya kushoto, imelowa ute wa manjano uliochanganyika na haradali, bia ya jana na bigijii zilizotafunwa. Mawe ya barabarani yalivimba, yakacheua, yakatulia. Harufu ilikuwa ya maziwa yaliyoganda tumboni mwa mtoto mchanga.

Magari hayaingii kwenye mtaa huo wa mjini Horsens, Denmark, kwa hiyo hakuna aliyecheleweshwa. Watu wa usafi walikuja na mipira ya maji. Wazee waliokaa nje ya mkahawa, mablanketi ya mkahawa mapajani, waliinua miguu ute upite, wakaishusha, wakaendelea na keki zao za krimu.

"Leo afadhali," mmoja alisema. "Jana kulikuwa na zipu."

Bodil aliitambua mikono ile. Aliikata mwenyewe jana yake kwenye stoo ya duka. Makoti yasiyouzika hukatwakatwa kabla ya kutupwa, asije mtu akayaokota na kuyavaa bure. Kazi hiyo ni yake, na huifanya peke yake, mlango umefungwa.

Mdogo wake, Egon, alikuwa akishinda kwenye benchi mbele ya duka, na sweta tu mwilini. Chumba chake kilimponyoka tangu kiangazi. Kwa Bodil asingeweza kulala. Mkataba wa nyumba unasema mtu mmoja.

"Dada, moja tu," Egon alimwambia Bodil jioni dada yake alipofunga kazi. "Baridi inakuja, na mimi si bata."

"Yamehesabiwa, Egon."

"Anayahesabu nani?"

"Mimi."

"Basi kosea."

Walitembea hadi mwisho wa mtaa, mahali mabasi yanapokatiza. Taa ya waendao kwa miguu ilikuwa nyekundu. Hakukuwa na basi upande huu wala ule, hata baiskeli. Bodil alisimama. Egon alivuka, akageuka.

"Unaogopa kugongwa na upepo?"

"Ni nyekundu," alisema Bodil.

Alhamisi mtaa ulitapika koti zima. Vipande vilikuwa vimeshikana humo chini ya mawe bila uzi, na kila mshono ulikuwa kama kovu. Lilikuwa la buluu, zito, nywele za watu na vipande vya soseji vimenasa kwenye kola. Egon aliliwahi kabla ya mipira ya maji, akalikung'uta, akalivaa. Lilimkaa.

"Nanuka kama pipa, lakini jasho linanitoka," alimwambia Bodil. "Gusa."

Bodil aligusa. Lilikuwa na joto la mnyama, na vidole vyake vilinata.

Meneja, Flemming, alitoka nje, skafu puani.

"Egon, rafiki yangu, si kwamba nakunyima. Lina nembo yetu."

"Limetapikwa, Flemming. Unataka nikurudishie matapishi?"

"Wateja wanakuona. Na kesho watakuja wengine wakitaka ya bure." Alimgeukia Bodil. "Lilikuwa kwenye yale ya kukatwa?"

Bodil angeweza kusema hapana. Flemming hakuwa na njia ya kujua.

"Lilikuwa," alisema.

"Basi."

Bodil alikwenda kuleta mkasi. Egon alimtazama usoni kwa muda, kisha akalivua mwenyewe, akamshikia upande mmoja, maana lilikuwa zito. Mkasi ulipita kwa sauti ya kukata nyama mbichi. Ute ulimrukia Bodil mdomoni. Alijifuta kwa kiganja, akaendelea hadi mkono wa mwisho. Pale mkahawani wazee waliinua miguu.

Wiki hiyohiyo baridi kali ilishuka.

Mtaa bado unatapika kila asubuhi. Umechimbiwa mfereji mwembamba katikati ili ute usiguse viatu, na watu wanausifu. Bodil bado anakata. Egon alipotoka hospitali alirudi kwenye benchi akichechemea, na Bodil alipompita, Egon alimwamkia kama anavyowaamkia wapita njia wote: "Habari ya asubuhi, bibi."

Baridi ilikuwa imemnyang'anya vidole vitatu vya mguu wa kulia, kimoja cha kushoto, ncha ya sikio, na dada mmoja.