Gemu Tano za Binti wa Fundi

Tak.

Birika la umeme lilijizima gizani, na Mama Kidoti, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda jikoni akingoja maji ya uji, akatabasamu peke yake. Kwa sikio lake sauti ile haikuwa ya birika. Ilikuwa ya kitufe kilichochoka, kile kinachobonyea vizuri lakini kinarudi kwa uvivu. Angeulizwa, angetaja na dawa yake: unakifungua, unakipangusa kwa spiriti, unakikatia kipande cha mpira na kukiweka chini yake. Hakuwasha taa. Taa ya jikoni humulika moja kwa moja usoni mwa mtoto, na Kidoti akiamka kabla ya kupambazuka, siku nzima huenda mrama. Basi aliandika kwa mwanga wa simu, karatasi juu ya daftari, daftari juu ya goti. Ya tano. Ya nne. Ya tatu. Ya pili. Alipoifikia ya kwanza, kalamu haikusita hata kidogo.

Jioni ile ilikuwa zamu yake ya kusema mbele ya darasa.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kusikia: chagua vitu vitano unavyovipenda, vipange kuanzia cha tano hadi cha kwanza, toa sababu. Ugumu ulikuwa katika utaratibu wa Mwalimu, ambao hakuna aliyejua aliutoa wapi. Mtu akishamaliza kusema, walioridhika na sababu zake husimama. Wasioridhika hubaki wameketi. Darasa la jioni lilikuwa na watu kumi na wawili. Ukimwondoa msemaji, wanabaki kumi na mmoja. Wakisimama sita, jina lako linaingia kwenye orodha ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Wakisimama watano, unangoja mwaka mwingine. Mama Kidoti alikuwa ameshangoja miaka tisa tangu alipoacha shule.

Wenzake walikuwa wamecheza kwa tahadhari. Mshonaji alipanga vitambaa, wakamsimamia wanane. Kinyozi alipanga mitindo mitano ya kunyoa, akatumia kichwa cha jirani yake kuonyeshea, wakamsimamia kumi, na aliyebaki ni yule mwenye kichwa. Mama Kidoti yeye alikuwa ameandika juu ya karatasi yake: gemu tano za utoto wangu.

Mwalimu aliisoma mada hiyo wiki iliyotangulia, akamwita ukumbini, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia kwamba yeye ni mtu mwenye akili, mama wa mtoto, na kwamba mada ina heshima yake; kwa nini asichague matunda, au kanuni za usafi, au wanawake anaowaenzi? Mama Kidoti alijibu kwamba matunda anayala tu, hana cha kusimulia juu yake. Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mama mkwe wake, ambaye Kidoti humwita Bibi na ndiye hubaki naye jioni za darasa, alipopata habari aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, mume wako yuko kazini mbali huko, anajua unasoma," alisema. "Kumbe unakwenda kusimulia magemu? Basi leo nenda na binti yako, akasikie mwenyewe."

Huenda Bibi alidhani jambo hilo litamrudisha nyuma. Mama Kidoti alimvalisha mtoto sweta, akamfuta pua, akamfunga kamba za viatu mafundo mawili, wakatoka wameshikana mikono.

Chumba cha darasa kilikuwa kile ambacho mchana husomewa na watoto wadogo, kwa hiyo watu wazima walikaa magoti yakiwa karibu na videvu. Ukutani kulikuwa na herufi kubwa za rangi. Kidoti aliwekwa kwenye benchi la nyuma kabisa, akapewa karatasi na kipande cha penseli, akaambiwa atulie. Alikuwa na miaka sita na alijua kutulia pale tu anapokuwa na jambo lake.

Mama Kidoti alisimama mbele. Alianza na karakana ya baba yake, maana bila karakana orodha isingeeleweka.

Baba yake alikuwa fundi wa redio, pasi na chochote chenye waya. Mashine za gemu zilipoingia majumbani, zikaanza kumfikia moja moja: iliyomwagiwa chai, iliyokaliwa na shangazi mnene, na moja ambayo ukoo mzima wa mende ulikuwa umehamia, wakwe kwa mashemeji. Akishaitengeneza, lazima ijaribiwe kabla mwenyewe hajaifuata. Mjaribuji alikuwa yeye, miaka saba, ameketi juu ya kreti la soda, na baba, macho yake kwenye waya, akimsomea: juu, chini, kushoto, kulia, chekundu, cheusi. Mara mbili. Vitufe vyote vikiitika, baba anachomoa. Hapakuwa na kuomba niongeze kidogo. Mashine ya mtu, baba alikuwa akisema, ni kama mgonjwa wa mtu. Akishapona unamrudisha kwao, humkawizi ili akuimbie.

"Kwa hiyo nimecheza gemu zaidi ya mia," aliwaambia, "na sijamaliza hata moja."

Darasa likacheka. Akasubiri wamalize, kisha akawaongezea cha kuchekea: kwa miaka mingi aliamini kwamba ndivyo gemu zinavyochezwa. Alidhani kila gemu duniani ni juu, chini, kushoto, kulia, chekundu, cheusi, na kwamba ushindi ni baba kusema haya, chomoa. Siku alipoona mtoto wa jirani akibonyeza kitufe chekundu mara kumi mfululizo, alimwonea huruma, akadhani hakufundishwa.

Ya tano, basi, ilikuwa ya ndege za vita. Ndege yake ilipanda, ikashuka, ikayumba huku na huku, kisha ikafyatua kombora, na kombora likaipata ndege ya upande wake mwenyewe. Kila mara. Ameipa nafasi ya tano kwa ajili ya muziki wake tu, vinginevyo angeiacha nje ya mlango. Ya nne ilikuwa ya matofali yanayodondoka. Kwake yalirundikana upande mmoja kama nguo chafu nyuma ya mlango, lakini ilikuwa gemu yenye adabu: ukishindwa haikuzomei, inanyamaza. Ya tatu ilikuwa mpira. Kitufe cheusi kilikuwa cha kuteleza na kukwatua, na mchezaji wake alikwatua kila aliyekatiza mbele yake, refa akiwemo. Katika dakika mbili, kwa kadi nyekundu, timu yake ilikuwa na watu sita uwanjani na hakuna aliyefunga.

Ya pili ilikuwa mashindano ya magari. Chekundu kilikuwa breki, cheusi kilikuwa gia ya kurudi nyuma, na kwa hesabu hizo za kwao gari lake liligeuka likashika njia ya kurudi. Madereva wengine wote waliona migongo ya wenzao, alisema. Yeye peke yake aliwaona nyuso, wanakuja wote kwa pamoja wamekodoa macho. Dereva wa lori, mtu mzima mwenye mvi, alipiga dawati kwa kiganja mpaka herufi moja ikabanduka ukutani.

"Sasa ya kwanza," Mama Kidoti alisema, na sauti yake ikashuka bila yeye kuishusha.

Jina lake halisi hakulijua. Wao karakanani waliiita Babu Ngazi. Mzee mdogo, kofia kubwa, ngazi begani, anazunguka mtaa akiwasha taa za nyumba. Ukibonyeza juu, anapanda kibarazani. Chini, anashuka. Anakwenda kushoto, anarudi kulia. Chekundu, anaitua ngazi. Cheusi, anavua kofia, anakugeukia wewe uliye nje ya kioo, anakuinamia. Halafu anangoja. Hakuna wa kumkimbiza, hakuna saa inayokatika. Katika zote mia na ushee, ndiyo pekee ambayo hakufia ndani yake. Anakumbuka mara ya kwanza alipoinamiwa. Alishuka kwenye kreti, naye akainama.

Kinyozi alikuwa ameshanyoosha mkono zamani.

"Dada, hiyo gemu tulikuwa nayo nyumbani," alisema. "Wewe umeisifia mlangoni. Sisi tuliingia ndani."

Akaeleza, na alieleza kwa uchungu wa kweli. Kwenye nyumba ya tatu kuna mbwa. Kwenye ya tisa mvua inazima taa zote, unaanza upya. Yeye na kaka zake walikesha likizo nzima wakipokezana, wakafika nyumba ya mwisho, na mwisho wake haukuwa na chochote. Hakuna zawadi wala wimbo. Kioo kikawa cheusi, na mzee akatokea tena mwanzoni na ngazi yake. Kaka mkubwa aliitupa kaseti ya gemu ukutani. Sasa mtu anawezaje kuiweka gemu hiyo kwanza, aliuliza, ilhali hata nyumba ya pili hakuifika?

Manung'uniko ya kumuunga mkono yakapita kati ya madawati. Mwalimu aliuweka mkono juu ya daftari la majina. Alisema, kwa upole kabisa, kwamba hoja ya Kinyozi ina uzito: sababu huhitaji ujuzi, na ujuzi wa Mama Kidoti umeishia mwanzoni. Lakini kura haijapigwa. Aipandishe ya mpira iwe ya kwanza, watu wameifurahia, watamsimamia, na jambo litakwisha kwa amani.

Ilikuwa njia nyepesi, na kila mtu aliona jinsi ilivyo nyepesi. Mama Kidoti aliitazama karatasi yake. Akainua uso.

"Mwalimu, ya kwanza inabaki ya kwanza. Kinyozi anajua inavyoisha, sibishani naye. Lakini hukutuuliza gemu inayoisha vizuri, umetuuliza tunayoipenda. Zile nyingine, nikifanya nilivyofundishwa kwetu, zinaniua. Hii ilinisubiri." Akawageukia wenzake. "Na habari ya kumaliza, humu ndani nani amemaliza? Tungekuwa tumemaliza tungekuja kukaa kwenye viti vya watoto saa hizi? Kama asiyemaliza hana ruhusa ya kusema anachokijua, basi zima taa, turudi nyumbani."

Dirishani mdudu alijigongagonga kwenye kioo. Mwalimu akasema, haya, waliosadiki wasimame.

Dereva wa lori alisimama kabla sentensi haijaisha. Mshonaji akafuata, akikung'uta nyuzi mapajani. Wakasimama wale madada wawili wa duka la vifaa vya shule, ambao hata kupiga chafya hupiga pamoja. Kisha, taratibu, mlinzi wa ghala, aliyeshika dawati ili goti lake bovu limkubalie. Watano. Mama Kidoti aliangalia waliobaki, mmoja mmoja. Wengine walisoma mikono yao. Kinyozi alitikisa kichwa, bila kumchukia. Ilikuwa ile gemu tu ambayo hakuweza kuisamehe.

"Watano," Mwalimu alisema. Kalamu ilikuwa imeinuliwa juu ya daftari. "Mama Kidoti, nakuuliza mara ya mwisho, na nakuuliza kwa kukutakia mema. Badilisha hiyo moja tu. Nitaita kura upya sasa hivi."

Aliona mwaka wa kumi umesimama pale mlangoni, ukimngoja amalize ili warudi pamoja nyumbani. Aliona uso wa Bibi. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni.

"Andika watano, Mwalimu," alisema. "Mwakani nitakuja na orodha hii hii."

Nyuma kabisa benchi likalia. Watu wakageuka. Kidoti alikuwa amepanda juu yake, soksi moja imeporomoka hadi kifundoni, penseli mkononi, na kwa ncha ya penseli ile alikuwa akiwahesabu waliosimama, midomo yake ikicheza, hadi akamfikia mlinzi wa ghala. Akajigusa kifuani.

"Tuko sita," alisema.