Machozi Chini ya Kioo

Fundi saa alifungua saa ya mkono ya muuza mikate, akamwaga maji yake kwenye kisahani, akapuliza vyuma, akaifunga. Haikuwa imesimama. Tangu mume wa fundi azikwe, kila saa iliyolala mezani kwake iliamka na maji chini ya kioo. Ile kubwa ya ukutani, aliyokuwa akiitia ufunguo marehemu mwenyewe, ilikuwa imejaa nusu, na mishale yake ilipita ndani ya maji taratibu bila kukosea dakika.

"Yangu imeingia tena?" aliuliza muuza mikate.

"Kidogo tu. Usiitikise."

"Ilimradi inakwenda," akasema, akaivaa, akaenda zake.

Fundi alifumba macho kidogo. Yalimchoma kama yaliyotiwa mchanga, na yalianza hata kabla ya msiba. Kazi yake ni kukodolea magurudumu madogo kuliko punje ya mtama, na anayekodoa hapepesi. Lakini msiba ndio ulioyaweka hadharani. Makaburini alisimama bila tone, huku wifi yake akilia mpaka kope zikavimba. Yalikuwa majira ya miti kuchanua. Wifi alilia njiani, akalia jikoni, akalia akimenya vitunguu na asipomenya. Watu wakasema damu ni damu. Fundi wakamwita moyo wa jiwe, na asiye na uchungu na marehemu atakaaje kwenye nyumba ya marehemu?

Swali hilo ndilo lililowakusanya mchana huo sebuleni, upande wa pili wa meza ya kazi. Shemeji mkubwa alikaa katikati, shangazi kando yake, wifi karibu na dirisha na leso mbili. Walikuwa hawajafika mbali pale muuguzi wa macho alipoingia kuchukua saa yake. Aliwasalimu, akampa fundi pole, akamtazama yeye, akamtazama wifi, kisha akaomba maji ya kunawa mikono.

"Macho yako yanawasha au yanaunguza?" alimuuliza wifi.

"Yanawasha, dada! Natamani niyatoe niyakune kwa nyuma."

"Na chafya?"

"Usiseme. Kila mwaka miti ikitoa maua, mimi na pua yangu hatulali."

"Na wewe, mama?"

"Yanaunguza," alisema fundi. "Asubuhi afadhali, jioni mchanga mtupu. Feni ikinipiga ndiyo balaa."

Muuguzi aliwavuta kope za chini mmoja baada ya mwingine, akatazama kwa tochi. Kisha akatoa vikaratasi vyembamba vya kupimia machozi, akawaning'inizia kila mmoja kimoja ukingoni mwa kope na kuwaambia wafumbe macho wasubiri. Ukoo nao ukasubiri. Shangazi alikatazwa kukohoa. Vikaratasi vilipotolewa, cha wifi kilikuwa chepechepe hadi mwisho. Cha fundi kilikuwa kimelowa ncha tu.

"Huyu ana mzio," alisema muuguzi. "Ni ule unga wa maua. Sisemi hakumpenda kaka yake, lakini hata asingefiwa, majira haya angelia. Na huyu macho yake hayatengenezi machozi ya kutosha. Ni ugonjwa. Angefiwa na ulimwengu mzima, mngemwona vilevile."

Shemeji mkubwa aliviweka vikaratasi kwenye viganja viwili, akavilinganisha.

"Kwa hiyo karatasi inasema kama tulivyosema sisi."

"Inasema anaumwa."

"Inasema ni mkavu."

Fundi, ambaye hakuwa na kawaida ya kubishana, alimwomba afungue saa ya ukutani. Shemeji akapanda kigoda, akavuta kioo. Maji yakamwagika, yakafika kwenye soli za viatu, yakaingia chini ya zulia. Alichovya kidole, akaonja.

"Chumvi," akasema.

Shangazi naye akaonja. Wifi akaonja, akapiga chafya. Wote walikubaliana kwamba ni machozi, kwamba ni ya fundi, na kwamba kwa wingi yalimpita wifi mbali sana. Shangazi alikwenda kutafuta dekio.

"Hatukatai, shemeji," alisema shemeji mkubwa akishuka kigodani. "Umemlilia. Lakini makaburini watu walitazama macho, hawakutazama saa. Na sisi tumeshawaambia watu kwamba nyumba anaingia dada yetu."

Muuguzi aliwaachia chupa mbili za matone, moja ya kuzuia mwasho, moja ya machozi ya dukani. "Msibadilishane," aliwaonya. "Ya mwasho yanaweza kumkausha mama huyu zaidi." Akaikung'uta saa yake, akaondoka.

Siku ya kuhama, macho ya wifi yalikuwa meupe kama yai. Alipima madirisha kwa ajili ya mapazia, akifunga na kufungua utepe wake, bila chafya wala leso. Hakuna aliyemuuliza machozi yake yameishia wapi.

Fundi alifunga vibano na bisibisi zake kwenye kitambaa. Kabla ya kuinua meza ya kazi alijitia matone. Aliibinya chupa kupita kiasi, yakamwagika mengi, yakateremka mashavuni mpaka kidevuni.

Shemeji mkubwa, aliyekuwa ameshika upande wa pili wa meza, alisita.

"Ndiyo hivyo, shemeji," alimwambia kwa upole. "Laiti ungelia hivi siku ile."

Kisha akamwomba ainue upande wake, wakaitoa meza nje.