Spika Aliyoichagua Mjomba

Spika ya amplifaya yake ilipochanika, mpiga gitaa alimwita mjomba wake kabla hata hajafikiria kwenda dukani. Mjomba ndiye aliyemshikisha gitaa tangu hajaota ndevu. Enzi zake aliongoza bendi, na wanamuziki walimpa jina la Masikio, kwa sababu uzi mmoja ukilegea jukwaani alikuwa akigeuka kumtazama mwenye kosa.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha nyuma, godoro limeegemezwa ukutani ili sauti isirudi. Fundi redio alikuwa amemwazima spika mbili azijaribu, achague moja ya kurekodia. Akafunga ya kwanza, akaisogezea maikrofoni, akapiga. Sauti ilitoka nzito na laini, ya kumwachia mwimbaji nafasi. Ya pili ilikuwa kali. Kila alipogusa nyuzi nyembamba, ilichoma kama msumeno unaokata bati, hata mkewe aliyekuwa akikunja nguo sebuleni akaja akafunga mlango.

Mjomba, kwenye stuli yake, macho ameyafumba, akatabasamu.

"Hii hapa," alisema. "Ile ya kwanza imezibwa mdomo. Hii inasema."

Mpwa alidhani ni utani, akangoja acheke. Mjomba hakucheka. Ndipo mengine yakaanza kujipanga kichwani mwake: mjomba kuitwa mara mbili ndipo aitike, televisheni ya kwao kusikika hadi barabarani. Masikio alikuwa hazisikii tena sauti za juu.

"Sawa, mjomba. Tuchukue hiyo."

Mjomba alipoondoka tu, mpwa akaifungua ile kali, akairudisha kwa fundi, akarekodi wimbo wake kwa ile laini.

Wimbo ulipendwa, ukawa unarushwa kutoka simu hadi simu. Mjomba aliusikia kwa kinyozi wake, akavimba kichwa. Kila aliyeketi pale kunyolewa aliambiwa nani aliichagua spika ile. Siku moja kinyozi alimsimamisha mpiga gitaa njiani, akampongeza kwa kujaliwa mjomba wa namna hiyo. Mpiga gitaa akacheka naye, na kuanzia hapo akawa anazunguka uchochoroni ili asipite mbele ya kile kibanda.

Angeweza kuendelea kuzunguka hivyo hivyo. Lakini kiongozi wa bendi moja ya harusini, baada ya kuzisikia sifa hizo, akamwomba mjomba awe anawakalia kwenye mitambo na kuwapangia sauti. Mjomba alipiga simu kuleta habari hiyo, na furaha yake ilijaa chumba kizima.

Mkewe mpiga gitaa alisikiliza yote, akasubiri simu ikatwe.

"Ulidhani unamsitiri," alimwambia. "Sasa anakwenda kuumbuka mbele za watu."

Mpiga gitaa alimkuta mjomba akipiga pasi shati la kuvaa mazoezini. Akaamkia, akaketi, akasema lake kwa sauti ya chini.

"Eti?" Mjomba akainamisha kichwa upande.

Ikambidi arudie, kwa sauti kubwa, kiasi kwamba mke wa mjomba akatoka jikoni. "Spika uliyoichagua niliirudisha, mjomba. Wimbo nilirekodi kwa ile nyingine."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inachoma masikio."

"Mimi haikunichoma."

"Najua."

Mjomba alizima pasi, akaisimamisha. Akawa analinyoosha kwa kiganja shati ambalo tayari lilikuwa limenyooka.

"Ungeniambia siku ile," alisema mwishowe, "tungekuwa wawili tu chumbani. Sasa nimeshajisifu mtaa mzima."

Mpwa aliomba radhi. Mjomba aliitikia kwa kichwa bila kumtazama. Jioni hiyo alimpigia mwenyewe kiongozi wa bendi, akamwambia hataweza. Kwa kinyozi hakuenda tena. Nywele zikawa zinakatwa na mkewe, nyumbani. Mpwa alipokuja kusalimia, alijibiwa salamu, basi.

Kisha mke wa mjomba akampigia: mzee amekubali kwenda kupimwa masikio, na ametaka asindikizwe na mpwa wake. Kama amemsamehe, hakusema.

Kliniki walimketisha mjomba kwenye kijichumba chenye kioo, wakamvisha vifaa masikioni, wakamwambia ainue mkono kila asikiapo mlio. Mpwa alikaa nje ya kioo, kando ya mpimaji. Kwa milio ya chini mkono uliinuka. Kwa ya katikati ukainuka kwa kuchelewa. Kisha taa ndogo ya mashine ikaendelea kuwaka, mlio baada ya mlio, na mkono ukabaki gotini, vidole vimekaa tayari.

Mjomba akageuka, akamtazama mpwa wake kupitia kioo, akimuuliza kwa macho kama kuna kitu kimepita.

Mpwa alitamani kutikisa kichwa kukana. Akaitikia kwamba ndiyo.

Mjomba akatazama mbele tena, akasubiri.