Wakwe Wawili na Pampu Moja

Tshimanga alikuwa na kiburi cha kazi, wala hakukificha. Hata mwaka ule wa 1993, kampuni ya migodi ikizama na watu wa asili ya Kasai wakifukuzwa mjini Kolwezi, Kongo, alifika kwenye karakana yake ya pampu kila asubuhi, kola imenyooka. Nyumba yake ilikuwa imeshachukuliwa. Mkewe Mbelu na watoto walilala stesheni pamoja na maelfu waliongoja treni, naye alitoka huko huko kwenda kufundisha watu kukaza bolti. Mtu angeweza kumcheka, lakini hakuna aliyethubutu.

Sasa pampu iliyopeleka maji stesheni ilikuwa imekufa. Watu walichota mtaroni, watoto wakaharisha, na binti yake mdogo alikuwa mmoja wao. Pampu ilikuwa vipande vipande mezani, na waliopaswa kuiunga, mafundi wake Nkulu na Dady, walikuwa hawasemeshani.

Kosa lilikuwa la Tshimanga. Desturi yake ilikuwa kusimama mlangoni, équipe nzima, yaani kikosi chake, mbele yake, akigawa amri na lawama kwa Kifaransa, kila mtu kipimo kile kile. Siku hiyo alimkaripia mzee Nkulu kwa kuigonga kwa nyundo roulement, ile pete inayobeba mhimili, mpaka ikapasuka. Na Dady, aliyesimama palepale, alikuwa amemwoa binti wa Nkulu. Kumwaibisha mzee mbele ya mkwewe, afadhali umpige kofi. Nkulu akahamia kona ya mbali, na Dady, kwa heshima, hakuthubutu hata kumpa spana. Na mhimili ule haukuweza kuinuliwa na mtu mmoja.

Tshimanga alikasirika siku nzima. Kisha akamkasirikia mwenye kosa, yaani yeye mwenyewe, akavuta kigoda hadi kwenye ile kona, akamwita baba, kwa Kiswahili cha pale badala ya Kifaransa.

“Tata Nkulu, bonjour. Mama na batoto beko muzuri?”

“Beko.”

“Tata, mi njo nilikosa. Nilikusemea mubaya mbele ya mukwe yako. Unisamehe.”

Nkulu alifuta mikono taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kusamehe. Wakaongea habari za mahindi, za msiba wa mtaani Musonoi, za mguu wa mke wa Nkulu. Tshimanga, ambaye hata salamu zilimkera, alisikiliza yote. Kwa Nkulu, kazi ilianzia kwenye mazungumzo, na ilimchukua Tshimanga miaka mingi kulijua hilo.

Dady alikuwa kinyume chake. Maneno mengi yalimchosha. Tshimanga alimwekea roulement mpya mezani, akauliza, “Tufanye namuna gani?” akaondoka. Aliporudi, sufuria ya mafuta ilikuwa motoni. Pete ikipashwa hupanuka na kuingia bila nyundo. Dady alijua, ila kumwambia baba mkwe ndiko alikoshindwa.

Basi Tshimanga akawa kinywa chao. Dady alimnong'oneza, naye akamgeukia Nkulu, aliyesimama upande wake wa pili: “Tata, zamani mulikuwa munapasha ku mafuta?” Nkulu alikumbuka kwamba ndiyo, akamjibu Tshimanga, naye akampa Dady jibu ambalo Dady alikwisha kulisikia. Hakuna aliyecheka.

Walikuwa bado hawajamaliza Mbelu alipotuma ujumbe: treni inaondoka jioni hii. Safari ya Kasai ilikuwa ndefu, mabehewa hayakuwa na maji, na bidoni zote za kubebea maji zilikuwa tupu. Lakini bila mwanamume wa kuwapigania nafasi, Mbelu na watoto wangeachwa. Tshimanga aliweka spana chini. Alitaka kuwaagiza mambo kumi, akayameza.

“Naenda,” alisema. “Mubaki muzuri.”

Aliwapandisha watoto kwenye behewa la wazi, juu ya magunia, kisha akashuka kusimama na Mbelu kwenye bomba la stesheni. Foleni ilikuwa ndefu na bomba kavu. Vijana wa mji, waliozoea kuwazomea watu wa Kasai, walikaa ukutani wakitazama. Mlio wa kwanza wa treni ukasikika, watu wakaanza kuiacha foleni.

Bomba likakohoa. Likatema kutu, likatema tope, kisha maji yakaja meupe kwa nguvu. Mbelu alikinga bidoni na kumwita mumewe aje kushika mfuniko, lakini Tshimanga alikuwa amesimama tu, machozi yakimtiririka. Mhimili umeinuliwa. Wale wawili wamesemeshana, bila yeye.

Aliwageukia wale vijana wa ukutani, kola bado imenyooka.

“Munaona ile mayi?” aliwaambia. “Ile ni équipe yangu.”