Mchicha Umehamia kwa Tarumbeta

Haya, kitendawili! Nilipanda mboga, nikavuna betri. Ni nini? Mmeshindwa? Nipeni mji, niwaambie.

Ni mchicha wa uani kwangu! Zamani, kabla sijahamia, hapo palikuwa na fundi wa betri za magari, na maji ya betri aliyamwaga chini. Mchicha wenyewe ulistawi, majani mapana kama sinia. Ila mpima udongo wa manispaa alipoelekeza chini kile kimashine chake, kama cha kukaushia nywele, uso ulimbadilika.

"Bibi, hapa pana madini ya risasi, yale ya kwenye betri. Mboga hizi zisiliwe. Na mtoto asiuguse udongo huu, unaharibu ubongo."

Mtoto! Mjukuu wangu tunamwita Greda, maana anapotambaa hakibaki kitu: mchanga, kandambili, vyote kinywani. Ndiyo kwanza wiki ile yeye na mama yake walikuwa wamekuja kukaa nami. Binti yangu alimnyakua mbio hadi hospitali. Damu ikapimwa, ikaonekana salama. Nikapiga vigelegele, kumbe mwenzangu anafunga mizigo.

"Mama, nisamehe. Hapa hatukai."

Nyumba bila Greda ni nyumba hiyo?

Basi, mpima akiwa bado anamalizia kazi uani kwangu, jirani yangu Tarumbeta, ambaye hata akinong'ona mtaa mzima unasikia, akachungulia juu ya ukuta.

"Na kwangu pimeni! Kwani udongo wangu una kasoro gani?"

Mpima akazunguka, akapima chini ya kamba zake za nguo. "Mama, kwako hamna kitu."

"Hamna? Hata kidogo? Yeye apate, mimi nikose?"

Mpima alicheka mpaka akaegemea ukuta. Nami nilipouona ule ukuta, akili ikanijia.

"Mwenzangu, tubadilishane. Nguo zako zianikwe kwangu, mboga zangu na Greda waje kwako."

"Na ukuta?"

"Tuutoboe."

"Ukuta wa marehemu mume wangu!"

"Tutautoboa kwa heshima."

Akaguna, akaenda kuleta nyundo. Mwenyewe!

Mchicha wote ulichukuliwa na watu wa manispaa, uani kwangu kukamwagwa zege. Sasa magauni ya Tarumbeta yanapepea kwangu, mapana, jua silioni mpaka alasiri. Binti yangu akakubali kungoja, ila akasema mizigo haifungui mpaka mpima arudi.

Jana karudi. Kabla hajawasha kimashine, Greda kapita kwa magoti pale tulipotoboa ukuta, kafika kwenye tuta jipya la mchicha kwa Tarumbeta, kachota udongo, kinywani! Wote tukapiga yowe.

"Tulieni," mpima akasema, "huo niliupima."

"Na minyoo je?" binti yangu akauliza.

"Minyoo mashine yangu haisomi."

Greda akakunja uso, akatema wote.

"Haa!" Tarumbeta akang'aka. "Udongo wangu anautema! Wa bibi yake aliufuata mbio!"

Binti yangu akacheka mpaka akakaa chini, palepale kwenye tuta. Kisha akajikung'uta, akaingia ndani, nikasikia zipu ya begi ikifunguliwa.